Namna ya Kujinyoa Shingo kwa Wembe wa Kukunja na Kuonekana Umeweza

Shavu halina shida. Shavu ni uwanja wa mpira: pana, tambarare, na ndevu zake zimelalia upande mmoja. Mtu yeyote ambaye mkono wake hautetemeki anaweza kunyoa shavu kwa wembe wa kukunja, ule mrefu unaojificha ndani ya mpini wake kama kisu cha mfukoni, kisha akajitazama kwenye kioo na kuanza kujiita fundi. Halafu anainua kidevu, anakutana na shingo, na ufundi unamwishia hapo hapo.

Mwongozo huu unaanzia hapo. Sitakufundisha kunyoa shingo vizuri. Kazi hiyo ina wenyewe, na wameitolea miaka. Nitakufundisha kuinyoa ovyo na bado ukatoka nyumbani kifua mbele. Sifa za kukufundisha ninazo. Wembe wangu ni wa Solingen, mji wa Ujerumani ulioishi kwa kufua visu na nyembe kwa karne nyingi, na shingoni nina alama saba ambazo naweza kuzieleza moja baada ya nyingine, zote kwa uongo.

1. Nunua kwanza, uliza baadaye

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Hawakutaja umri wa mtoto. Kama una miaka arobaini na mbili na umeona picha ya bwana mmoja mwenye povu usoni na wembe wa mpini wa pembe mkononi, ukaitazama picha hiyo mara tatu kwa siku, basi umeshalia vya kutosha. Jipe.

Watakwambia anayeanza achukue wembe wa 5/8, maana upana wa nyembe hizi hupimwa kwa sehemu za nane za inchi, na wembe mwembamba ndio unaopita vizuri kwenye mabonde ya shingo. Watakwambia pia uchukue wenye ncha ya mviringo, kwa kuwa ncha ya pembe ina tabia ya kuchoma mahali usipopaangalia. Wasikilize kwa adabu, kisha chukua wa 8/8 wenye ncha ya pembe. Unafanana na panga la kukatia mkonge. Chini ya taya haugeuki, lakini mgeni akiingia bafuni kwako kunawa mikono ataukuta juu ya sinki, na akirudi sebuleni atakusalimu upya.

Historia isikusumbue. Mwaka 1769 mfua visu wa Paris, Jean-Jacques Perret, alitoa kitabu cha kuwafundisha wanaume kujinyoa wenyewe, na akabuni kizuizi cha mbao cha kuuvisha wembe ili usizame nyamani. Mwaka 1904 King C. Gillette alipata hataza ya Marekani kwa wembe wenye kinga na makali ya kutupa, na vita vya kwanza vya dunia vilipofika, jeshi la nchi hiyo likawagawia askari wake mamilioni ya vifaa hivyo. Yaani watu wenye akili wamehangaika karne mbili na zaidi kumtenganisha mwanamume na wembe mtupu. Wewe umeurudia kwa hiari yako, tena kwa bei kubwa. Hongera.

2. Piga mkanda hadi majirani wasikie

Kabla ya kila kunyoa, wembe hupitishwa juu ya mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma, mara thelathini, arobaini, hamsini. Ukifika mwisho wa mkanda unaugeuza kwa kuuviringisha juu ya mgongo wake, wala si juu ya makali. Huku si kunoa hasa. Ni kuyanyoosha makali yaliyopinda kwa kazi ya jana. Kunoa kwenyewe ni kazi ya kinoo, na kinoo kinataka mtu mwenye subira, kwa hiyo tukiache kama kilivyo.

Wewe pitisha mara tano, lakini kwa kishindo. Sauti ya wembe juu ya ngozi ndiyo nusu ya starehe yote, nayo inavuka ukuta. Jirani anaposikia pa, pa, pa alfajiri, anajua upande wa pili kuna mwanamume anayejijali. Hajui kwamba makali hayajabadilika chochote.

Siku moja utageuza vibaya na kuukata mkanda. Usihuzunike. Umeshajua kwamba wembe unakata ngozi, na umejua kwa ngozi ya ng'ombe kabla ya zamu yako.

3. Chora ramani, kisha ipoteze

Hapa ndipo shingo inapoachana na shavu kabisa. Ndevu za shavuni ni askari wa gwaride. Za shingoni ni abiria wa daladala saa kumi na moja jioni: kila mmoja ameelekea kwake na hakuna foleni. Chini ya kidevu zinashuka. Karibu na mtulinga zinapanda. Pembeni zinalala kuelekea sikioni, au kuelekea kooni, au upande mmoja huku na mwingine kule. Na chini kidogo ya pembe ya taya, kwa wanaume wengi, kuna mahali zinapozunguka kama maji yanayoingia kwenye tundu la sinki.

Fundi wa kweli huacha ndevu siku mbili tatu, halafu anapapasa shingo kwa ncha za vidole, inchi kwa inchi. Panapoteleza, ndiko zinakolalia. Panapokwaruza, unakwenda kinyume. Anachora shingo yake kwenye karatasi na kuweka mishale. Kisha ananyoa kufuata mishale, anapaka povu tena, ananyoa kwa kukingama, na akiwa na moyo mgumu anamaliza kwa kwenda kinyume.

Wewe ramani hiyo ichore, kwa sababu inafurahisha kuchora, halafu ibandike mahali ambapo mvuke wa maji utailoanisha. Kisha nyoa kutoka juu kwenda chini, mara moja, na uache.

Usicheke. Katika mwongozo huu mzima, hapa ndipo mvivu anapomshinda mwenye bidii, na daktari anamuunga mkono. Wengi wetu tuna ndevu za kipilipili. Unywele wa namna hiyo unatoka kwenye ngozi ukiwa tayari umejikunja. Ukiunyoa kwa kuuvuta na kwenda kinyume hadi chini ya usawa wa ngozi, ile ncha kali iliyobaki haitafuti njia ya nje. Inajipinda na kuchimba nyama pembeni yake, na mwili unaikabili kama mwiba. Baada ya siku mbili una shingo yenye vipele kama ngozi ya fenesi. Jeshi la Marekani, ambalo linapenda askari wake wawe na nyuso laini kama yai, kwa miaka mingi lilikuwa likiwapa wenye vipele hivi ruhusa ya kidaktari ya kutonyoa, na wengi wao walikuwa weusi.

Kwa hiyo ukiulizwa kwa nini shingo yako inakwaruza kama msasa, usijitetee kwa unyonge. Inua uso, sema: “Nazuia vipele.” Ni kweli, na ni ya kitabibu, na muulizaji ataona aibu kwa kutojua.

4. Tia maji

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Methali hii wanaitumia kuonya watu kuhusu misiba ya wengine, nami nasema kabla ya yote ni maelekezo ya kazi. Ndevu kavu ni ngumu mno. Zikikaa na maji ya moto dakika mbili tatu zinavimba na kulegea, na wembe unapita. Watangazaji wa mpira wanaosema timu fulani imenyolewa bila maji wanasema kwa wepesi mno. Wangejaribu siku moja, tena chini ya taya, wangetafuta msemo mwingine.

Tatizo ni kwamba shingo mara nyingi ni ya mwisho. Unapomaliza mashavu na kujipongeza, povu la shingoni limeshakauka na kuwa kama chokaa ya ukuta. Fundi analipaka upya. Wewe lipake upya pia, lakini kwa wingi wa kupindukia, hadi masikioni. Povu jingi linaficha unachofanya, hata kwako mwenyewe, na kuna mapito ya wembe ambayo ni bora usiyaone.

5. Kongomeo

Tulia sasa. Funga mlango. Zima simu.

Kongomeo ni ile nundu katikati ya koo inayopanda na kushuka ukimeza mate. Wembe wa kukunja ni mnyoofu kama rula. Nundu ni ya mviringo. Rula juu ya yai inagusa nukta moja, na uzito wote wa mkono wako unakwenda kwenye nukta hiyo.

Siri ya mafundi ni kwamba hawanyoi juu ya kongomeo hata kidogo. Wanaihamisha ngozi. Kwa vidole vya mkono wa kushoto unaivuta ile ngozi iliyofunika nundu hadi pembeni, pale shingo ilipo bapa, unainyoa huko, kisha unaiachia irudi kwake. Halafu upande wa pili vivyo hivyo. Mgongo wa wembe unauinua kidogo tu kutoka kwenye ngozi, kama nyuzi thelathini. Ukiulaza zaidi utavuta ndevu badala ya kuzikata, na ukiusimamisha unakwangua nyama. Mapito yawe mafupi, urefu wa ukucha wa kidole. Na usiutelezeshe wembe kuelekea upande, maana hivyo ndivyo nyanya zinavyokatwa.

Ni rahisi sana ukiwa unasoma.

Kisha unasimama mbele ya kioo na kugundua kwamba vidole vya kushoto vimejaa povu na haviwezi kushika ngozi. Unavikausha. Vinateleza tena. (Kuna dawa: gusa jiwe la shabu kwanza, vidole vitashika kama gundi. Nimekupa bure, na mimi ilinichukua mwaka.) Ukiisha kuishika ngozi, kiwiko kinakuja mbele na kuziba kioo. Ukikishusha kiwiko, ngozi inalegea. Ukigeuza uso ili uone, kongomeo linageuka nawe. Na hapo ulipo, umeshika makali kooni mwako mwenyewe, mwili unakumbuka jambo moja ambalo haujalifikiria tangu asubuhi: kumeza mate.

Njia fupi ya kongomeo inaitwa kisiwa. Nyoa kuzunguka, acha kipande cha ukubwa wa sarafu juu ya nundu, na uende zako. Changu nimekipa jina la Chumbe, kama kile cha Zanzibar. Ukiwa mbele za watu inamisha kidevu kidogo, kama mtu anayetafakari. Watu wengi wanaosifiwa kwa busara katika vikao vya ukoo wana kisiwa.

Mimi niliacha njia hii mara moja tu. Ilikuwa siku ya akdi ya mpwa wangu, Tanga, na nilikuwa miongoni mwa wazee wa kumsindikiza bwana harusi. Nikasema leo hakuna kisiwa, leo nitakuwa laini kama waliooa jana. Nikavuta ngozi, nikapitisha wembe, na mtu akapiga hodi. Kosa langu ni kwamba niliitika. “Karibu” ni neno fupi, lakini kongomeo linalisema lote, kwenda na kurudi.

Jambo ambalo hakuna kitabu kinakuambia ni kwamba kanzu nyeupe na mkato wa shingo havikai pamoja. Kanzu haina ukosi wa kukuficha, na tone moja linashuka polepole kifuani kama linatafuta anwani. Nikamwambia shangazi nimemwagikiwa sharbati. Akanitazama kutoka chini hadi juu.

“Sharbati gani hiyo, baba, inayotokea shingoni?”

Nikavaa koti juu ya kanzu, nikapandisha ukosi, nikafunga vifungo vyote, mwezi wa pili, adhuhuri, Tanga. Nilitoka jasho hadi povu lililobaki masikioni likaanza upya. Lakini watu wawili waliniambia bwana, wewe unajua kuvaa, nami nimeyahifadhi maneno yao.

6. Pembe ya taya

Kishimo kilicho chini ya sikio, nyuma ya pembe ya taya, kinanyolewa kwa kugeuza uso pembeni, kupitisha mkono juu ya kichwa na kuivuta ngozi kutoka nyuma ya sikio ili kishimo kijae. Utaonekana kama mtu anayejikamata mwenyewe. Usihangaike. Tangaza kwamba unafuga ndevu za pembeni.

7. Damu

Itakuja. Jambo la msingi ni kuipokea bila kelele, kwa sababu ukipiga yowe watu wa nyumbani watakuja, na wakija wataona ramani.

Maji baridi kwanza. Halafu shabu iliyoloweshwa, uikandamize juu ya mkato bila kusugua. Itachoma, nawe utajifunza kuita majina ya watakatifu au masheikh kulingana na malezi yako, kisha ngozi itajikaza na damu ndogo itakoma. Ukikosa shabu, bandika kipande kidogo cha karatasi laini ya chooni. Kikishakauka, kiloweshe kabla ya kukitoa, la sivyo utaanza upya. Na kitoe. Wanaume wanaofika ofisini na karatasi shingoni ni wengi kuliko unavyodhani, na wote waliapa asubuhi kwamba watakumbuka.

Hapa nina neno moja lisilo la mzaha: wembe wako usimwazime mtu yeyote, hata shemeji, hata kama umeuosha kwa spiriti. Tuliambiwa sana hili miaka ya tisini, kwa sababu ya UKIMWI, hata watu wakawa wanakwenda kwa kinyozi na wembe wao mfukoni, na halijaacha kuwa kweli kwa sababu tu mabango yamechakaa.

Sasa maelezo. Andaa maelezo ya mkato kabla ya mkato. Usiseme “nilikuwa najinyoa”, kwani umewaambia watu wote kwamba unajinyoa kwa wembe wa kukunja na kwamba wewe si stadi. “Mtoto kanikwaruza” ni nzuri kama una mtoto. “Kinyozi mpya” ni dhuluma kwa kijana wa watu. Mimi natumia paka. Paka hahojiwi, na makucha yake yanafanana kabisa na wembe wa ncha ya pembe. Kwetu hatufugi paka, lakini ni wangapi watakaokuja kukagua?

8. Kisogo

Nyuma ya shingo huoni. Utashauriwa kutumia vioo viwili. Jaribu, kwa ajili ya kucheka tu: mkono unaousukuma kulia unakwenda kushoto.

Waliooa watasema mpe mkeo akunyoe. Ni wazo zuri na la mapenzi. Kabla hujamkabidhi wembe na kumgeuzia mgongo, kumbuka mwezi mzima uliopita, siku moja moja, pamoja na kile ulichosema kuhusu mchuzi wa mama yake.

9. Nenda kwa kinyozi

Ndiyo, baada ya yote hayo. Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Kama yeye ndiye hivyo, mimi na wewe tulikuwa tunajidanganya nini? Nenda jioni, wakati hakuna wanaokujua. Usiende na wembe wako wa Solingen, atauchezea. Kaa kwenye kiti, funika magoti, na utamke kwa sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi: “Uso nimemaliza mwenyewe. Wewe nisafishie shingo tu.”

Atachukua wembe mpya wa dukani, auvunje katikati ungali ndani ya karatasi yake, aubane nusu kwenye kishikio. Kwa vidole viwili atakigeuza kichwa chako kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Ngozi ya kongomeo ataihamisha bila kuiangalia, huku akibishana na mwenzake kuhusu penalti ya jana. Dakika tatu. Chumbe imezama. Usimtazame kwenye kioo wakati huo. Ni uchungu usio wa lazima.

Atakapofika kwenye alama ya juzi, ile ambayo bado ni nyekundu, atasimama.

“Mzee, hapa nani kakunyoa?”

“Paka.”

Hatasema kitu. Atamwaga spiriti kiganjani, ataipaka shingoni mwako kwa makofi mawili, na utaona nyota za mchana. Wakati anainama kukufungua kitambaa, shingo yake itakuja karibu na macho yako. Iangalie vizuri, kushoto, chini ya taya. Kama ana kipande cha karatasi, mpe hela yake yote, mwachie na chenji, kisha umuulize wa kwao ni wa rangi gani.